Chini ya Meza

Kwanza tulidhani ni lori la magogo.
Hupita hapa alfajiri likielekea bandarini,
na vikombe vya mama huliitikia kabatini
kama wanafunzi wanaoitwa majina.
Lakini lori huja, hufika, huenda zake.
Hili halikuja kutoka upande wowote.
Lilikuwa chini yetu tayari,
kama mgeni aliyelala uvunguni
akajigeuza.

Chupa za matango ya siki zikagongana ghalani.
Taa ikayumba, na kivuli chake
kikapanda ukuta, kikashuka, kikapanda tena.
Sekunde sita, labda saba. Nani alihesabu?
Kisha kimya.
Kisha theluji yote ya paa ikaporomoka kwa mkupuo
mbele ya dirisha, na hapo ndipo nilipopiga ukelele,
kwa theluji! kitu nilichokizoea tangu kuzaliwa.

Katika lugha yetu neno lake tunalo,
ila tulilitunza kwa ajili ya wengine:
neno la kusomea habari za nchi za mbali,
neno la mtihani wa jiografia.
Estonia, alisema Mwalimu Salme,
akiugonga ubao kwa rula,
imekaa juu ya mwamba mzee,
mwamba uliokwisha kuchoshwa na mambo ya dunia.
Tukaandika hivyo. Tukapata vema.

Nje, kijiji kizima kilikuwa barabarani,
makoti juu ya nguo za kulalia.
Heino wa duka kapakata paka asiye wake.
Huyu anasema ni machimbo ya chokaa, yule anasema jeshi,
Maimu anasema ni tanuri la sauna yake,
anaomba radhi mlango kwa mlango.
Na Arvo na Kalju, ambao miaka kumi na minne
hawajaamkiana kwa sababu ya ua wa mbao,
wanaulizana: Umesikia? Na wewe umesikia?
wameshikana mikono ya makoti.
(Kufikia Jumatatu walikuwa wameshanuniana tena.)

Mama akanigeukia: Baba yako yuko wapi?

Tulimkuta jikoni, chini ya meza,
magoti kifuani, viganja masikioni,
mdomo wazi.
Mdomo wazi, hivyo ndivyo walivyofundishwa,
ili mlipuko usipasue ngoma za masikio.
Alikuwa na miaka mitano wakati wa ndege zile.
Kwetu alisimulia nyuki wake, bei ya kuni,
jinsi ya kunoa shoka.
Ndege, hata siku moja.
Mwili ndio uliozihifadhi,
palepale, bila vumbi.

Nilikuwa nimekuja kuwashawishi wauze nyumba.
Karatasi zimo mkobani,
na ufa wa karibu na jiko ndio hoja yangu kubwa.
Usipoziba ufa, nilianza jana wakati wa supu,
na mama akanimalizia: utajenga ukuta.
Basi tutajenga. Pitisha chumvi.

Sasa nikautazama. Ufa ulikuwa uleule.
Haukurefuka hata unywele.

Mama hakumwita atoke.
Alivua viatu vya theluji, akashika ukingo wa meza,
akainama kwa awamu, kiuno, goti, goti la pili,
akikilaani kila kiungo kwa jina lake,
akaingia, akaketi kando yake,
akamfumba mdomo kwa vidole viwili,
taratibu, kama unavyorudisha mlango
wa chumba alimolala mtoto.

Redio ikasema: dogo, halina madhara.
Wakasoma nambari, na nukta, na nambari nyingine.
Wakahamia bei ya umeme.
Nilikuwa sakafuni nikiwapitishia chai,
hatuzungumzi, tunasikiliza miguu ya meza.

Baba akaonja. Akakunja uso.
Sukari, akasema.
Nikainuka kuifuata,
nikikanyaga kwa tahadhari
sakafu niliyojifunzia kutembea.